Sikio la Kushoto la A-Hou

Simu iliita nikiwa nimepiga magoti juu ya katoni, naifunga kwa utepe wa gundi, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la A-Hou. Nilipokea nikaendelea na kazi, maana A-Hou alikuwa na kawaida ya kupiga akiwa kwenye foleni ya malori na kuanza kulalamika kabla hujasema lolote. Safari hii ilikuwa sauti ya mwanamke. "Maji?" iliuliza. "Wewe ndiye Maji?" Nikasema ndiyo. Akaniambia yeye ni A-Lan, dada yake mdogo, na kwamba A-Hou amekufa. Alikuwa kwenye yadi ya makontena njia ya kwenda Nansha, akashuka kwenye lori lake kuangalia kufuli za kontena, na lori jingine likarudi nyuma kutoka upande wake wa kushoto likambana. Watu wa yadi walimpigia kelele, dereva alipiga honi, kila mtu alisikia isipokuwa yeye. A-Lan aliyasema hayo bila kulia, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi siku hiyo. Kisha akauliza jambo lililomfanya anitafute. Baba yao alikuwa anawaambia watu wote kwamba A-Hou alizaliwa na sikio bovu, na kwamba alikuwa mzembe tangu utotoni, ukimwita hasikii. "Mimi wakati huo nilikuwa bado nabebwa mgongoni," alisema. "Wewe ulisoma naye. Ni kweli alizaliwa hivyo?" Nilimwambia nitakuja siku ya kumuaga, nimjibu huko. Ningeweza kumjibu palepale, maana jibu nilikuwa nalo. Lakini jibu lenyewe lilimhusu mtu ambaye yu hai, naye ndiye atakayekuwa amekaa mstari wa mbele.

Nilipokuwa na A-Hou darasani nilikuwa na miaka kumi na minne. Sasa naelekea arobaini. Kwa nini nilikuwa Guangzhou na shangazi yangu Mwanakombo, na si nyumbani Tanga na wenzangu, si habari ya hadithi hii. Tulikaa Sanyuanli, chumba kimoja, ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa karibu na jengo la pili kiasi kwamba Wachina wenyewe huyaita majengo ya kupeana mikono. Dirisha letu lilitazamana na dirisha la kina A-Hou. Shangazi alikuwa akinunua midoli kwenye maduka ya mtaa wa Yide Lu na kuipeleka Dar es Salaam, kwa hiyo tulilala katikati ya sampuli: midoli ya kulia, midoli ya kuimba, bunduki za plastiki, magari yasiyo na betri. Ukikosea kukanyaga katoni, kitu kililia "mama" ndani yake. Tulipika juu ya jiko la umeme lililowekwa sakafuni, wali na samaki wa kopo, na chapati siku shangazi akiwa na furaha. Ng'ambo ya dirisha nao walikuwa wakipika, harufu ya vitunguu saumu na mafuta ya nguruwe ikituingilia, na shangazi akisema, tufanyeje, hewa haina mpaka. Baba yake A-Hou alikuwa mchukuzi wa mizigo kwenye maghala. Hakuwa mtu wa Guangzhou, alitoka mashambani magharibi ya mkoa, na alifanya kazi kwa mti wa mianzi wa kubeba begani wenye mzigo kila ncha, ule ambao kwetu pwani unaitwa mzegazega. Jioni aliuegemeza ukutani karibu na mlango. Jioni nyingine hakuuegemeza. Tulikuwa tukisikia mti ukishuka, tukisikia mtoto akihesabishwa kwa sauti makosa yake, na shangazi aliinuka akawasha midoli ya kuimba, mmoja baada ya mwingine, kwa kisingizio cha kuijaribu. Nilikula wali wangu huku midoli yote inaimba wimbo mmoja, kila mmoja akianza mahali pake.

Shule iliyonipokea ilikuwa ya kulipia, ya watoto wa watu waliohamia mjini kutafuta kazi, jengo la saruji lenye ua mdogo wa lami. Mkuu wake alimwambia shangazi kwamba hajawahi kuchukua mtoto wa Kiafrika na kwamba anamchukua huyu kwa sharti moja: akipigana mara moja tu, anaondoka. Hakuna barua ya onyo wala mazungumzo. Shangazi alikubali kabla mkalimani hajamaliza sentensi. Njiani kurudi nyumbani aliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Zuhura, mwanangu, wakikutukana wewe huna masikio. Wakikusukuma, umejikwaa. Ukifukuzwa hapa sina pengine pa kukupeleka, na kuuza midoli hakuhitaji mtu mwingine, naweza mwenyewe." Nilitaka kusoma. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani mtoto anayepigwa kila siku hutaka kukimbia. Mimi nilitaka kubaki kwenye dawati lile kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na darasa zima lilijua sharti langu kabla wiki ya kwanza haijaisha. Walijua wanaweza kunifanya lolote na mimi siwezi kunyanyua mkono. Walinichoma kwa ncha ya bikari. Walinifungia chooni. Kwenye bwalo walichukua vipande vya mafuta ya nguruwe kwenye mabakuli yao wakaviweka juu ya wali wangu, taratibu, mmoja mmoja, kama watu wanaomkirimu mgeni. Nilikuwa navitoa, na wali uliogusana navyo siuli, mpaka bakuli likabaki na tonge la wali pembeni. A-Hou ndiye aliyekuwa anawaongoza. Alikuwa mfupi, kichwa kimenyolewa, mwepesi wa maneno, na alipiga kwa namna ya mtu anayejua panapouma.

Historia na uraia vilifundishwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Liang, mwanamke mwembamba aliyevaa mikono mirefu hata kwenye joto la Juni. Alikuwa na rula ya mianzi. Somo la uraia mwaka ule lilikuwa na sura juu ya sheria ya kuwalinda watoto, na ilitubidi tuikariri neno kwa neno: mtoto analindwa na familia, analindwa na shule, analindwa na jamii. Aliyekosea neno alinyoosha kiganja. Nakumbuka msichana mmoja alikosea hasa pale penye kusema mwalimu haruhusiwi kumpiga mwanafunzi, akapigwa, akarudia sentensi akilia mpaka akaipata sawasawa. Hakuna aliyecheka. Hatukuona kichekesho ndani yake. Ilikuwa sheria ya mtihani. Mimi niliikariri vizuri kuliko wengi, kwa sababu Kichina changu kilikuwa cha kukariri tu, sikuwa na maneno yangu ya kuyachanganya na ya kitabu.

Kwenye historia tulifika kwenye vita vya Sanyuanli. Ni historia ya mtaa wetu wenyewe, mnara wake uko hatua chache kutoka barabara kuu, na Mwalimu Liang alituambia tusimame tunapoisoma. Wanakijiji wa hapa, wakulima, waliwazunguka askari wa Kiingereza kwenye mashamba ya mpunga wakiwa na majembe na mikuki. Mvua kubwa ikanyesha, baruti ikalowa, bunduki zikagoma kulia, na wakulima wakawapiga. Niliisikiliza nikasahau mahali nilipo. Nilinyoosha mkono. Nilitaka kusema, na nilisema kwa Kichina changu kibovu, kwamba na sisi kwetu tulifundishwa darasa la tano habari kama hiyo, watu wetu walipigana na Wajerumani kwa kutumia maji. Mganga aliwapa maji ya kujipaka ili risasi zigeuke kuwa maji, na ndiyo maana vita vinaitwa Majimaji. Nikaliandika neno ubaoni kwa herufi zetu. Mwalimu Liang alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyefurahi. Akauliza, "Na mlishinda?" Nikasema hapana. Walikufa wengi mno. A-Hou akasema bila kusimama, "Basi maji yenu yalikuwa bandia."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Lazima uwe umeishi Guangzhou ujue jinsi lilivyokata. Nusu ya wazazi wa watoto wale waliishi kwa kubeba saa bandia, viatu bandia, mikoba bandia. Hakukuwa na neno walilolijua vizuri kuliko hilo. Tangu saa ile nikawa Maji. Walilitamka vizuri, hawakulipindisha. Walinimwagia chupa za maji kwenye ngazi wakisema tujaribu, tuone kama ngumi itageuka, kisha wakapiga. Walilowesha dawati langu, vitabu vyangu, hata mtandio wangu. Nilifika nyumbani nimelowa siku za jua, na shangazi akatazama nje dirishani, akanitazama mimi, akaninyooshea taulo. Hakuuliza. Alijua kwamba akiuliza nitajibu, na akijibiwa itambidi aende shuleni, na akienda shuleni nitafukuzwa. Kwa hiyo tulikula.

Mwisho wa Mei shule ilitaka igizo la vita vile uani, mbele ya wazazi. Wakulima walikuwa wengi kuliko nafasi, kila mmoja alitaka kushika jembe. Askari wa Kiingereza hakupatikana. Mwalimu Liang alisema, bila ubaya ninavyodhani, kwamba mgeni tunaye, na tena ni mrefu. Nikashonewa koti jekundu kutokana na bendera kuukuu. Shangazi alileta bunduki ya plastiki kutoka kwenye sampuli, akasema kwa huzuni ya utani kwamba Waingereza walitutawala miaka mingi na hawakuwahi kututengenezea hata mdoli, sasa sisi ndio tunawapa silaha. Mazoezini majembe yalikuwa ya karatasi ngumu. Mimi nilitakiwa kuinua bunduki, kuivuta isilie, kupigwa na majembe, kuanguka, na kulala hadi bendera nyeusi ya wanakijiji ipite juu yangu. Nilikuwa mwigizaji mzuri. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha ya kuanguka.

Jioni moja kabla ya igizo, tukiwa tunakula, mti ulianza kushuka ng'ambo. Shangazi alikuwa bafuni na midoli haikuwashwa. Nilinyanyua macho. Pazia lao lilikuwa limeng'oka upande mmoja na nilimwona A-Hou amepiga magoti sakafuni, hana shati, mikono juu ya kichwa, na baba yake nyuma yake. Mgongo wake ulikuwa na mistari ya zamani na mipya. Hakuwa analia. Alikuwa anasema kwa sauti ya darasani, ile ya kukariri, "Nimekosa, sitarudia, nimekosa, sitarudia." Kisha aligeuza uso akaniona. Kijiko kilikuwa njiani kuelekea kinywani mwangu na nilikishikilia hapo. Tulikuwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa. Macho yake hayakuomba kitu. Yalinichukia tu, na nilijua, jinsi mtoto anavyojua mvua inakuja, kwamba haya yatanirudia mimi.

Siku ya igizo mvua ilinyesha kweli. Walimu walitaka kuahirisha lakini mkuu wa shule akasema hapana, ndiyo itapendeza zaidi, na wazazi wakasimama chini ya baraza wakiwa na miamvuli. Niliingia uani koti jekundu limenigandia mwilini. Niliinua bunduki ya plastiki, nikaivuta, na kwa kuwa ilikuwa mdoli mzuri wenye betri nzuri ililia, ta-ta-ta, taa nyekundu zinawaka, wazazi wakacheka mpaka miamvuli ikatikisika. Wakulima wakaja mbio na majembe yao ya karatasi yaliyolegea kwa maji. A-Hou alikuwa mbele. Hakuwa na jembe la karatasi. Alikuwa na mzegazega wa baba yake. Pigo la kwanza lilinipata paja, la pili mgongoni, na mimi nikafanya nilichotakiwa, nikaanguka. Hakuacha. Nilisikia watu wakipiga makofi. Walidhani tunajua kazi yetu. Nilijaribu kuinuka ili wajue, na pigo lililofuata liliupata mfupa wa mtulinga, wa bega la kulia, na huo nikausikia ukivunjika ndani ya kichwa changu kama mtu anavunja muwa. Nilishika ncha ya mti kwa mkono uliobaki. Sikumpiga. Niliushika tu usipande tena, tukavutana kwenye mvua, nyuso zetu karibu, na akaniambia kwa sauti ya chini, "Uliona nini? Sema, uliona nini?" Nikamwambia sikuona. Akasema, "Mwongo." Ndipo Mwalimu Liang alipokimbia kutoka barazani bila mwamvuli.

Jumatatu nilikaa darasani mkono umefungwa shingoni. Shangazi alikuwa ofisini kwa mkuu tangu asubuhi, na mkuu alikuwa amemwambia kwamba yeye anaona mapigano, watu wawili wameshika mti mmoja mbele ya wazazi, na sharti ni sharti. Alikuja darasani mwenyewe, akasimama kando ya Mwalimu Liang, akauliza nani alianza. Darasa lilijibu kwa pamoja, jinsi tulivyofundishwa kujibu, kwamba ni Maji aliyeanza. Mwalimu Liang alitazama rula yake. Nilikusanya vitabu vyangu kwa mkono mmoja, maana nilijua hesabu imefungwa, na kwa mkono mmoja ni kazi ndefu, kalamu zinaanguka, unaziokota. Nikiwa nimeinama nilisikia kiti kikisogea. A-Hou alikuwa amesimama. Alisema, akitazama ubao na si mtu yeyote, "Jembe la karatasi niliacha nyumbani. Nilileta mti wa baba. Nilimpiga mimi. Yeye hakunipiga, hata mara moja, hata mwaka mzima." Mkuu akamwambia akae, afikiri vizuri. A-Hou hakukaa. Alisema, "Nimefikiri."

Wengi wameniuliza, nikisimulia, kwa nini alifanya hivyo. Sijui, na yeye sikuwahi kumuuliza. Labda niliposema sikuona kitu aliniamini baadaye. Labda alichoka. Najua tu kwamba aliyasema akijua yatakayofuata, kwa sababu aliyajua kuliko mtu yeyote mle ndani.

Baba yake aliitwa kutoka ghalani. Alikuja na jasho la kazi, akarudishiwa mti wake, akausimamisha ukutani kwa uangalifu nje ya mlango wa darasa, kama afanyavyo nyumbani. Kisha akamtoa A-Hou hadi koridoni na kutumia mkono. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mwalimu Liang aliufunga, akatugeukia, uso wake mweupe, akasema tufungue sura ya sheria ya watoto na tusome pamoja kwa sauti. Tukasoma. Mtoto analindwa na familia. Kofi la kwanza lilisikika. Akasema, juu zaidi. Mtoto analindwa na shule. Tulikuwa watoto wengi na tulipiga kelele kweli, hata mimi, kifua kinauma kila nilipovuta pumzi, na bado kofi moja lilipita juu ya sauti zetu zote, zito, la kiganja kilichozoea magunia. Baada ya hilo hapakuwa na jingine. A-Hou alirudi akaketi. Uzi mwembamba wa damu ulikuwa umetoka sikio la kushoto ukaingia kwenye kola. Mwalimu Liang alimwita jina, akiwa upande wa dirishani, kushoto kwake. Alimwita tena. A-Hou aliendelea kutazama mbele. Ndipo mwalimu alipoiweka rula chini, na sikumwona akiinyanyua tena mwaka ule.

Sikufukuzwa. Nilimaliza mwaka. Wiki chache alizobaki, A-Hou alihamishiwa dawati la kulia kwangu, kisha akaomba kuhamia kushoto kwangu, na ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba alikuwa ananiweka upande wenye sikio zima. Hakunisemesha. Bwaloni aliketi meza moja nami, na hakuna aliyeniwekea tena nyama ya nguruwe. Kisha baba yake alimtoa shule akampa mti wa kwake. Mwaka uliofuata shule iliacha kupokea wageni, na masomo yangu yaliishia hapo. Yote niliyoyasoma juu ya sheria na haki ni sura ile moja, na bado naijua kwa moyo.

Tulikutana tena tukiwa watu wazima, nilipokodi lori kupeleka kontena Nansha na dereva akashuka akageuza kichwa kidogo, sikio la kulia mbele, akasema, "Maji." Akawa dereva wangu. Kwenye simu yake aliliandika jina langu kwa herufi za Kichina, zile ambazo vijana wao huzitumia kumwita rafiki wa kufa na kuzikana, ambazo nazo husomeka maji. A-Lan ndiyo maana alinitafuta mimi. Sikuwahi kujua ananiita lipi kati ya hayo mawili. Siku moja tukiwa kwenye foleni ndefu alikuwa anasoma kitu kwenye simu, akaniambia, "Unajua wale hawakuwa Waingereza?" Nikamuuliza akina nani. "Wale wa kwenye mvua. Walikuwa Wahindi. Waingereza waliwaleta, wakawaacha kwenye matope." Nikamwambia na kwetu ilikuwa hivyohivyo, waliotupiga kwa niaba ya Wajerumani wengi walikuwa weusi, tuliwaita askari. Alilijaribu neno hilo mdomoni, askari, askari. Kisha akasema, "Basi tulimpiga mtu asiyehusika," akaweka gia, foleni ikasogea. Katika miaka yote, hilo ndilo pekee alilosema juu ya siku ile.

Ukumbi wa kumuaga ulikuwa na maua meupe na baridi ya kiyoyozi. A-Hou alikuwa chini ya kioo, amepakwa rangi usoni, na kwa kuwa sisi hatufanyi hivyo sikujua nimtazame wapi, nilitazama sikio. Nilimwombea kimoyomoyo kwa maneno yangu. A-Lan alinishika mkono akanipeleka mstari wa mbele kwa baba yake, mzee mdogo sasa, mabega yamebonyea mahali mti ulipokaa, amekalia kiti cha plastiki na kushika bahasha nyeupe wanayopewa wageni, yenye pipi ya kula kabla hujafika nyumbani ili uchungu usikufuate. Alikuwa anamwambia jirani habari ileile, hakusikia, tangu mtoto hasikii. A-Lan akasema, "Baba, huyu alisoma na kaka." Mzee aliniinulia macho. Nadhani alinitambua, maana alitazama bega langu la kulia. Akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kubishana, "Wewe unamkumbuka. Si alikuwa hasikii?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Nilichuchumaa ili uso wangu uwe chini ya wake, kama ninavyofanya kwa wazee wa kwetu. Nikamwambia, "Mzee, mpaka Jumatatu ile ya koridoni, alikuwa anasikia kwa masikio yote mawili."

A-Lan aliuachia mkono wangu. Mzee hakukasirika. Jirani akageukia pembeni. Kisha mzee akasema polepole, kama mtu anayeshusha mzigo asiuvunje, "Jioni ile nilimwita aje kula. Alikuwa amenipa mgongo, yuko dirishani. Nikamwita. Nikamwita. Hakugeuka." Alihamisha bahasha kutoka mkono wa kulia akaiweka kwenye wa kushoto. "Nikampiga tena, kwa sababu hakugeuka."